Mafundi bustani wa Dar, mkomamanga si uzio wa michongoma!

Wakuu, habari za jioni. Leo nina hasira, mtanisamehe.

Nina mikomamanga nyumbani Goba, mmoja uko ardhini na miwili iko kwenye mapipa barazani. Juzi natoka kazini nakuta fundi bustani niliyeletewa na jirani ameshamaliza "kupogoa". Ule wa ardhini kaunyoa duara, juu na pembeni, kwa ile mikasi mirefu ya kukatia uzio. Chini vitumba vyekundu vimetapakaa, na vingi ni vile vyenye kitako kinene, yaani vyenyewe vya kubeba tunda. Mnaoufuga mti huu mnajua maua yake ni ya aina mbili. Yale ya kitako chembamba hudondoka yenyewe hata usipoyagusa. Huyu bwana kazoa yote. Namuuliza, ananijibu, "Bosi, ukikata ndo unachipua, utanishukuru."

Nikushukuru kwa lipi? Utachipua majani! Mkomamanga huchanua kwenye ncha za vitawi vifupi vipya vinavyotoka kwenye matawi yaliyokomaa. Ukipitisha mkasi juu kwa juu umeondoka na ncha zote, na msimu umekwenda. Tangu ua mpaka komamanga la kuliwa ni miezi 5 hadi 7, pigeni hesabu wenyewe.

Kinachoniuma zaidi, vilivyostahili kukatwa kaviacha! Shinani machipukizi yamejazana, yananyonya chakula cha mti bure. Ndani kuna matawi makavu, mengine yanasuguana mpaka magome yamechubuka. Kazi ya kupogoa iko huko ndani, jamani. Unabakiza mashina 3 hadi 5 yenye nguvu, machipukizi ya chini unayang'oa, tawi bovu unalitoa zima pale linapotokea, mwanga na hewa vipite katikati. Ukishafanya hivyo, kila mwaka unagusa kidogo tu. Miba itakuchoma, ndiyo, hiyo ndiyo kazi ninayokulipa. Ila kunyoa kama uzio ni kazi ya chapuchapu, na ukisimama getini mti unaonekana umependeza, basi hela imeingia.

Ya kwenye mapipa ndiyo kabisa. Kaikata nusu, mizizi hakuigusa. Mti wa kwenye pipa unadumaa kwa sababu mizizi imezunguka ndani mpaka udongo umekwisha, maji ukimwaga yanapita pembeni na kutokea chini. Unautoa, unapunguza mizizi ya nje iliyojizungusha, unaurudishia na udongo mpya uliochanganywa samadi iliyooza vizuri, ndipo juu unapunguza kidogo ili mizizi iliyobaki iweze kuulisha. Baada ya hapo, maji yasiwe ya leo mafuriko kesho jangwa, matunda yatapasuka. Nilimweleza haya kabla hajaanza. Akaitikia "sawa bosi" kila sentensi.

Halafu kuna wajuaji wa kwenye simu: "pogoa mti ukiwa umepukutisha majani yote." Hiyo ni ya nchi zenye baridi kali. Dar tuna baridi gani ya kuupukutisha mti? Hapa unasubiri uvune, unapogoa kabla haujaanza kutoa vitumba vipya. Kwangu hiyo huangukia kipupwe, Juni mpaka Agosti, mvua za vuli zikija zinaukuta uko tayari. Mti uliojaa vitumba hauguswi, hata mtu awe na haraka vipi.

Sasa msije na "pole mkuu, ni mti tu." Nataka mtu wa maeneo ya Goba, Mbezi au Madale anayejua kupogoa miti ya matunda, aje PM na picha za kazi zake, na picha za maua ya uzio sitaki. Na wewe fundi, kama umo humu, ule mkasi mdogo ulioondoka nao ni wangu. Uache kwa mlinzi.