Mrejesho: eTA ya Kanada ya shemeji aliyebadili pasipoti

Wakuu, niliuliza kama eTA ya Kanada (kibali cha mtandaoni cha kuingia kule kwa ndege bila viza) ya shemeji yangu, Mjerumani tunayeishi naye Mbezi, bado inafaa wakati pasipoti aliyoiombea imeisha muda. Haifai. Kweli hutolewa hadi kwa miaka 5, lakini kibali kimeunganishwa na namba ya pasipoti. Pasipoti ikifa, nacho kinakufa, hata kama miaka imebaki. Ameomba upya kwenye tovuti ya serikali ya Kanada yenyewe, dola 7 za kule, majibu yakaja kwa barua pepe kabla chai haijapoa. Muwe macho na mawakala wa mtandaoni, wanatoza zaidi kwa fomu ileile. Na aliyenifuata inboksi: sisi wa pasipoti ya Tanzania eTA haituhusu, ni viza.