Sinagogi ya Nairobi ina miaka mingapi?

Mkisauni: Salamaleko wadau, huku kwetu misikiti ya Mji wa Kale kila mtu anajua historia yake lakini nikienda Nairobi napita pale University Way naiona sinagogi, ile nyumba ya ibada ya Wayahudi, na sipati wa kunielezea, jamani ilianza lini na hao watu wameufanyia nini mji?

BabuLikoni: Jumuiya yao ni ya 1904, sasa ishapita miaka 120 mashallah. Jengo la kwanza lilianzwa 1912, hilo unaloliona ni la miaka ya 50. Ujue 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi ardhi kule Uasin Gishu, kongamano lao likakataa 1905, ila wachache walikuja wenyewe, wakashuka papa hapa Mombasa na kupanda gari moshi.

Dada_Tudor: Na Abraham Block umsahau wapi babu? Alikuja 1903, akalima, baadaye akanunua hoteli ya Norfolk pale Nairobi, hoteli za nchi hii zina jasho lake. Israel Somen naye alikuwa meya wa Nairobi. Watu wachache vile na wamejenga hivyo, mie nawaheshimu sana.

Mkisauni: Shukran sana, hiyo ya kushukia hapa kwetu sikuijua kabisa, babu hebu endelea.