Paramore wa After Laughter: walikua ama walitutupa?

Kijana wa Tudor
Mashabiki wa gita hapa Mombasa najua hatuko wengi lakini tupo. Leo nimeirudia After Laughter, albamu ya Paramore, ile bendi ya rock ya Marekani, yote mwanzo mpaka mwisho na bado roho yaniuma. Hawa ndio walotupa albamu ya Riot! 2007, gita zakwaruza, dramu zapigwa kama zadaiwa, halafu 2017 waja na wimbo wa Hard Times waanza na marimba, marimba jamani, na gita limeoshwa mpaka lalia tinti tinti tu. Sauti ya Hayley, mwimbaji wao, ni ile ile lakini kila kitu nyuma yake kimehama. Nauliza tu, bendi ikibadilika hivyo bado ni ile ile ama watwambie ni bendi nyengine tujue?

Binti Kibokoni
We waskiza biti hwaskizi maneno. Hard Times ni mtu ataka kuamka asubuhi akiwa sawa na hawezi. Fake Happy ni kucheka mbele za watu na ndani umevunjika. Hayley mwenyewe alisema wazi kipindi hicho alikuwa na sonona. Albamu yakuchezesha huku yakuliza, na ukiipigia gita za kukwaruza huo mtego wote waharibika. Riot! ilikuwa hasira za watoto wa miaka kumi na nane, wataka wakae hapo mpaka lini?

Bamburi Juu
Tatizo si marimba. Tatizo Paramore ni Hayley na watu wa mshahara. Yeye peke yake ndiye alosaini na Atlantic, kampuni ya rekodi, ndio maana wale ndugu wawili Farro wakatoka mwisho mwisho wa 2010, na Josh akaandika libarua lirefu kuwa bendi ni bidhaa ya kampuni. Sasa mwashangaa bidhaa kubadilishwa rangi?

Binti Kibokoni
Watu wa mshahara??? Taylor York wa gita ndiye alotayarisha hiyo albamu na Justin Meldal-Johnsen, na nyimbo kaandika. Na Zac Farro, huyo huyo alotoka 2010, alirudi kupiga dramu kwa hii hii mnayoiita ya usaliti. Lakini akisimama mwanamke mbele ya bendi basi wanaume wote nyuma ni vibarua. Akiwa mwanamume hamsemi.

Bamburi Juu
Usinitie maneno mdomoni dada. Nimetaja mwanamke wapi? Nimetaja mkataba. Jeremy Davis wa besi alitoka 2015 na wakafika mpaka kwa mawakili kwa jambo hilo hilo, nani mwenye bendi. Soma kwanza ndio ukasirike.

Binti Kibokoni
Nimesoma. Mkataba haukupiga gita hata siku moja.

Likoni Daima
Nyote mwazunguka. Haya twayajua sisi toka zamani kwa taarab. Udi ukawekwa kando vikaja vinanda vya umeme, watu wakacheza wakasema ndio maendeleo. Haya, nitafutieni kijana leo wa kuushika udi kama marehemu Zein l'Abdin. Sauti ikibadilishwa ili watu wacheze, kitu chenyewe hufa.

Kijana wa Tudor
Huyu kanielewa.

Mwana wa Makadara
Ati taarab ilikufa! Juma Bhalo Mungu amrehemu, nyimbo zake ngapi zilikuwa mahadhi ya filamu za Kihindi? Na tabla zake. Kuna alomwambia katutupa? Watu walikesha harusini wakimskiza kwa sababu maneno yalikuwa Kimvita kilichosimama, na hapo ndipo taarab ilipo, kwenye maneno. Zuhura Swaleh akatia ngoma ya chakacha ndani na ile tashkota, kinanda cha nyuzi, ikawa yalia mbele, wamama wakainuka, na ilikuwa taarab vile vile. Udi wenyewe watoka Uarabuni, kwani ulimea Kibokoni?

Likoni Daima
Bhalo muache. Bhalo aliazima mahadhi lakini nyuma yake walikaa watu wakapiga, wamuona huyu atoa jasho kwa tabla. Leo mtu aja na kinanda kimoja na flashi, abonyeza, aimba juu yake, atuzwa pesa. Hicho ndicho ninachokisema na wewe wajua.

Binti Kibokoni
Basi After Laughter hujaiskiza. Weka wimbo wa Told You So kwa spika nzuri, skiza dramu za Zac na zile gita mbili zajibizana. Hakuna flashi hapo. Ni ngumu kuipiga kuliko nyimbo nyingi za Riot!, jaribuni.

Bamburi Juu
Ngumu si nzuri. Na kama walijivunia njia mpya kwa nini This Is Why ya 2023 gita zikarudi kukaza? Hiyo ndiyo ilopewa Grammy ya albamu ya rock 2024, si After Laughter.

Binti Kibokoni
This Is Why imesimama juu ya mgongo wa After Laughter, zile gita za kukatakata zilianzia huko. Na tangu lini wewe wa mikataba na kampuni waamini Grammy?

Bamburi Juu
Hata wimbo wao wa Misery Business waliuacha kuupiga 2018 wakaurudisha 2022. Watu wasojua wataka nini.

Mwana wa Makadara
Likoni hujanijibu. Maneno ama vyombo?

Likoni Daima
Vyote, na mkono wa mtu. Nshajibu.

Mwana wa Makadara
Sisi wa Mji wa Kale twafunzwa taarab na watu wa ng'ambo siku hizi.

Likoni Daima
Ng'ambo ndio wapi? Likoni si Mombasa? Bhalo akiimba harusi za kwetu ng'ambo hiyo hiyo, watu wavuka feri usiku kuja kumskiza, na mama yangu mpaka leo azijua beti zake kwa moyo, wewe niandikie moja hapa tuone.