Kalipa ya nyuma imenasa: nibadilishe sili tu au nichukue kalipa nzima?

Gurudumu_Nne
Wakuu, habari za jioni. Tangu asubuhi niko chini ya gari nabadilisha pedi za breki za nyuma mwenyewe. Nimeanzia upande wa kushoto na hapo hapo nimekwama: pistoni ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) haitaki kurudi ndani. Nimeibana kwa klampu mpaka klampu ikaanza kupinda, haijasogea hata unywele. Pedi ya ndani imeisha hadi chuma, ya nje bado nene. Diski ina mfereji.

Gari liko juu ya jeki na ninalihitaji keshokutwa. Naona njia tatu: ninunue seti ya sili (raba zinazozuia mafuta ya breki yasivuje) niifungue kalipa na kuisafisha, ninunue kalipa mpya nzima, au nichukue iliyotoka kwenye gari la kuchinjwa. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Spana13
Gari gani mkuu? La mwaka gani? Hendibreki yake ni ya kamba inayovuta kalipa, ya umeme, au ina viatu vyake peke yake ndani ya diski? Huwezi kuuliza ununue nini bila kutaja hayo.

MkonoWaGrisi
Seti ya sili. Kalipa ni chuma kizito, haifi ovyo. Kinachokufa ni raba. Ukibadilisha sili na raba ya vumbi, ukasafisha pini na kupaka grisi yake, umemaliza. Mimi sijawahi kutupa kalipa.

Safari_Ndefu
Nunua mpya, tena zote mbili. Breki si mahali pa kujaribia bahati.

Dada_Gereji
Subirini jamani, mtu hajajibu hata swali la kwanza mmeshamwagizia spea.

Ndugu Gurudumu, kabla ya yote: "juu ya jeki" maana yake jeki peke yake? Weka stendi sasa hivi, na uzuie magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, kwa sababu ukifanya kazi nyuma hendibreki lazima uwe umeishusha na gari halina kinacholishika. Ukishafanya hivyo, nijibu haya: ulifungua nipeli ya kutolea upepo ulipokuwa unabana? Uso wa pistoni ni laini au una vikato viwili au vinne kama alama ya msalaba? Upande wa kulia ukoje?

Gurudumu_Nne
Samahani dada, stendi nimeweka. Gari ni Golf ya 2006, hendibreki ya kamba. Nipeli sikufungua. Pistoni ina vikato, ndiyo. Upande wa kulia sijaugusa bado.

Spana13
Basi hapo ndipo penye kisa chote. Pistoni yenye vikato hairudishwi kwa klampu, inazungushwa huku inasukumwa. Ndani yake kuna skrubu ya hendibreki inayojirekebisha kadiri pedi zinavyoisha, na ukibana moja kwa moja unapigana na nyuzi za skrubu. Kwa Golf hiyo unazungusha kama mshale wa saa, pande zote mbili. Magari mengine upande mmoja huenda kinyume, kwa hiyo usije ukatumia ujuzi huu kila mahali. Yale yenye viatu ndani ya diski ndiyo pistoni yake inaingia kwa klampu tu. Na kama ingekuwa Passat ile ya kizazi cha B6, yenye hendibreki ya umeme, ungeanza na mashine ya kusoma gari ili mota irudi nyuma kwanza.

Tindo
Kwenye Mazda MX-5 za vizazi viwili vya mwanzo ni tofauti kabisa: kuna bolti nyuma ya kalipa, ukiitoa unakuta tundu la eleni (spana ya pembe sita) ya milimita 4, unairudisha pistoni kwa hiyo. Nilizungusha pistoni kwa plaizi nusu saa nzima kabla mtu hajanionyesha.

Dada_Gereji
Alichosema Spana13 ni kweli lakini hakimalizi kesi. Pedi ya ndani kuisha hadi chuma huku ya nje nene ni ushahidi kwamba kitu kilikuwa kimenasa hata kabla hajaleta klampu. Inaweza kuwa pini za kalipa: kalipa ya kuelea inatakiwa itembee pembeni ili pedi ya nje nayo ishike, pini zikikauka ni pedi ya ndani peke yake inayofanya kazi. Inaweza kuwa pistoni yenyewe. Inaweza kuwa kamba ya hendibreki inayovuta muda wote.

Fanya kwa mpangilio. Vuta kila pini kwa mkono: itoke na kuingia bila nguvu. Angalia, mara nyingi moja ina raba kwenye ncha na nyingine haina, usizibadilishane mahali. Kisha chomoa kamba ya hendibreki kwenye mkono wa kalipa, kile kichuma inachokivuta, uone kama mkono unarudi hadi mwisho, pale kwenye kizuizi chake. Kisha fungua nipeli, weka mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, halafu zungusha pistoni kwa kifaa chake huku ukiisukuma. Nipeli ikiwa wazi, yale mafuta machafu yaliyokaa nyuma ya pistoni yanatoka nje badala ya kurudi kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge).

Na kalipa usiiache ikining'inia kwa mpira wa breki, ule unaoleta mafuta ya breki. Ifunge kwa waya kwenye springi.

Mzee_wa_Barabara
Hapo kwenye mpira wa breki nataka niseme jambo, kwa sababu liliniumiza sana.

Gari langu lilikuwa linavuta upande mmoja wa nyuma. Baada ya mwendo wa nusu saa rimu ya kushoto ilikuwa haigusiki kwa moto, ya kulia vuguvugu tu. Fundi akasema kalipa. Nikaitoa, nikabadilisha sili mwenyewe, pistoni ilikuwa inang'aa haina kovu hata moja. Nikarudisha, siku tatu mambo mazuri, siku ya nne moto uleule. Nikajilaumu kwamba sikusafisha vizuri. Nikanunua kalipa mpya kabisa. Nikatoa upepo, nikajaribu, safi. Wiki haikuisha, harufu ile ya pedi kuungua ikarudi, na safari hii niko mlimani nateremka, nina watoto nyuma. Kanyagio likaanza kuwa laini, kila nikikanyaga linashuka zaidi. Mafuta yalikuwa yamechemka. Nilishusha gia hadi ya kwanza, nikalivuta gari hadi ukingoni kwa hendibreki, na mikono yangu ilitetemeka muda mrefu baada ya gari kusimama.

Aliyegundua ni kijana mmoja aliyesimama kunisaidia. Alisubiri chuma kipoe, akainua gurudumu, likawa halizunguki. Akafungua nipeli robo mzunguko tu. Mafuta yakaruka kwa presha na gurudumu likaachia pale pale. Akaniambia: kalipa haina kosa, mafuta yanaingia hayatoki. Mpira wa breki ulikuwa umevimba na kuchanika kwa ndani, ngozi ya ndani inafanya kazi kama mlango wa upande mmoja. Mguu una nguvu ya kuyasukuma yaingie, lakini pistoni inarudishwa na kile kipingo cha sili tu, sehemu ndogo ya milimita, haiwezi kuyarudisha. Kwa nje mpira ulikuwa kama mpya.

Nilitupa pesa ya kalipa nzima kwa tatizo la mpira. Kwa hiyo kijana wangu, ukifungua hiyo nipeli tazama mafuta yanavyotoka. Yakiruka, usinunue kalipa.

Safari_Ndefu
Pole sana mzee. Hii ndiyo sababu nasema badilisha kila kitu: kalipa, mipira, mafuta.

MkonoWaGrisi
Safari_Ndefu, simulizi ya mzee inasema kinyume chako. Alinunua kalipa mpya na haikumsaidia.

Gurudumu_Nne
Nimerudi. Pini ya chini inatembea, ya juu imetoka kwa nyundo, ina kutu. Nipeli nimefungua, mafuta hayakuruka, yamedondoka tu, rangi kama chai ya rangi. Mkono wa hendibreki unarudi lakini kwa uvivu, nikiusukuma kwa kidole ndiyo unafika mwisho. Nimeazima kifaa cha kuzungushia. Pistoni imezunguka nusu mzunguko kwa shida, ikaingia kidogo, halafu sasa inazunguka bila kuingia. Raba ya vumbi imechanika na chini yake naona duara la kutu kwenye pistoni.

Tindo
Umeua nyuzi za ndani kwa ile klampu. Kalipa hiyo basi.

Dada_Gereji
Si lazima. Kuzunguka bila kuingia mara nyingi ni kukosa msukumo. Kaza ile sahani ya kifaa ikandamize kwanza, kisha zungusha taratibu huku unaendelea kukaza. Ukiona bado, ndipo tuseme nyuzi.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni duara la kutu. Liko wapi? Likiwa kwenye mdomo wa nje, linasafishika. Likiwa pale sili inaposhika na kroma imetoboka vishimo, ukiweka sili mpya utapata kuvuja au utaichana sili yenyewe. Hapo seti ya sili bila pistoni mpya haina faida.

MkonoWaGrisi
Seti nyingine zinakuja na pistoni. Na vishimo vidogo msasa laini wenye maji unaondoa.

Dada_Gereji
Msasa unaondoa kutu na unaondoa kroma pia, kaka. Baada ya hapo kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Halafu kuna jambo hujamwambia: seti nyingi za sili zina sili ya pistoni na raba ya vumbi peke yake. Ule mkono wa hendibreki wenye uvivu una ekseli inayoingia ndani ya kalipa na sili yake mwenyewe, na ndani kuna springi na klipu inayohitaji kifaa maalumu. Atabadilisha sili, pistoni itateleza vizuri, na hendibreki itaendelea kung'ang'ania pedi.

Tindo
Mkono mpulizie mafuta ya kulainisha kutu, uusogeze mara hamsini, utaachia.

Spana13
Tindo, usimpotoshe mwenzako. Mafuta yoyote yatokanayo na mafuta ghafi, kama hayo ya kulainisha kutu, yakifika kwenye sili za breki yanazivimbisha. Sili hizo zimetengenezwa kwa mafuta ya breki peke yake. Hata pini zake usipake grisi ya beringi, tumia ile ya silikoni ya breki.

Tindo
Nimesema kwa nje, kwenye mkono. Miaka yote nafanya hivyo.

Spana13
Kwa nje ndiko kwenye sili ya ekseli.

Gurudumu_Nne
Na ile iliyotumika? Nimeambiwa ipo moja ya gari kama langu.

Dada_Gereji
Ina umri kama wa kalipa yako, na hujui imekaa rafuni miezi mingapi tundu la mpira likiwa wazi, unyevu unaingia. Ukiipata, zungusha pistoni yake ndani na nje, sukuma mkono wa hendibreki uachie: lazima urudi wenyewe kwa kishindo. Ukirudi kama wako, umebadilisha tatizo kwa tatizo. Na hakikisha ni ya kushoto. Ukifunga ya kulia kushoto, nipeli inakaa chini na upepo hautatoka kamwe, utakanyaga kanyagio mpaka usiku.

Safari_Ndefu
Bado nasema mpya, pande zote mbili. Ya kulia ina umri uleule.

MkonoWaGrisi
Pedi na diski ndizo za kubadilisha pande zote mbili. Kalipa inayotembea vizuri unaitoa ya nini?

Mzee_wa_Barabara
Mafuta ya rangi hiyo ni ya zamani, kijana. Yanafyonza unyevu hata kama hujafungua kitu. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 230, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Lolote utakalonunua, yatoe yote. Na yasiguse rangi ya gari.

Tindo
Mimi naweka DOT 5.1.

Spana13
5.1 sawa, inachanganyika na 4. Mtu asije akasoma haraka akaweka DOT 5, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki. Gurudumu, kama unaelekea kwenye kalipa nzima au seti yenye pistoni, tupe kipenyo cha pistoni. Golf hizo nyuma zilitoka na milimita 38 na 41, na sili za moja haziingii kwenye nyingine.

Gurudumu_Nne
Nimekaza sahani kama dada alivyosema, pistoni imeingia tena karibu mizunguko miwili, kwa uzito. Kwa hiyo nyuzi nadhani zipo. Kutu nimeifuta kwa kitambaa, bado kuna vishimo viwili vitatu, sijui kama sili inafika hapo. Nusu ya moyo inasema seti, nusu inasema mpya. Kwa rula kipenyo nasoma kama 40.

Spana13
Rula haitoshi hapo, azima venia (kifaa cha kupimia kipenyo). Na futa uchafu mgongoni mwa kalipa usome namba zilizochongwa, uziandike hapa kabla hujaenda kununua chochote.

Dada_Gereji
Na ukiwa na kitambaa mkononi, toa gurudumu la kulia pia. Tuambie pedi za huko zimeishaje.