Malaria imeisha ila miguu haina nguvu, nirudi saiti?

Saidiafundi_Moro: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza dozi ya mseto wiki iliyopita, homa imekata. Lakini nikipanda na ndoo ya zege, moyo unaenda mbio na macho yanaona giza. Fundi anasema nadeka. Kibarua chenyewe cha kutwa, nisipoenda silipwi. Nijikaze tu?

Nesi_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Hudeki. Vijidudu vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, kwa hiyo homa inaweza kuisha damu ikiwa bado pungufu. Kapime wingi wa damu kabla ya kubeba zege tena. Hilo giza machoni, tena juu ya ngazi, silipendi hata kidogo. Homa ikirudi au mkojo ukiwa mweusi, usingoje kukuche. Na usimeze mseto mwingine kwa kipimo cha haraka peke yake, maana kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Mchuuzi_wa_Dagaa: Nesi kamaliza. Mimi naongeza dagaa (siyo kwamba napigia debe biashara), maharage, matembele, na ndimu juu yake. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma.

Saidiafundi_Moro: Asante mama. Kesho napima. Fundi kakubali nifunge nondo chini kwa nusu posho, huku ananung'unika. Matembele sawa, ila chai jamani!

Mchuuzi_wa_Dagaa: Kunywa baadaye, nani kakunyima?