Uvumi wa WhatsApp wakati wa korona: kwa nini uliongezeka, na grupu lizuie vipi?

Msimamizi wa grupu: Wakuu, naandaa kanuni za grupu la mtaa endapo mlipuko mwingine utatokea. Mwaka 2020 hata watu wakimya walijaza tiba za kujifukiza na sauti za "daktari" asiye na jina. Nini hubadilika?

Kipanga: Hubadilika sababu ya kutuma. Siku za kawaida mtu hutuma kuchekesha. Kwenye hofu hutuma kumlinda nduguye, basi hakagui. Angalia mishale miwili juu ya ujumbe: umeshapita mikono mitano au zaidi. Aprili 2020 WhatsApp iliruhusu ujumbe wa namna hiyo utumwe kwenye gumzo 1 tu kwa mara moja, ikasema usambazaji wake ulishuka kwa asilimia 70. Ila mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, mishale hupotea. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Binti Pwani: Picha ipige skrini, kata maandishi yaliyobandikwa juu yake (huvuruga matokeo), kisha iweke Google Lens (hutafuta picha zinazofanana mtandaoni) uone kama ilishaonekana zamani. Sauti ni ngumu zaidi: andika sentensi yake moja ya ajabu, uitafute. Haina jina, hospitali wala tarehe? Ifute.

Kipanga: Na tafadhali, aliyetuma mfuate inbox, usimwaibishe mbele ya watu. Kwenye grupu anza na ukweli: "Mvuke hauui virusi vya korona, na unaweza kukuunguza." Ukianza kwa kurudia uvumi, huenda ndio utakaokumbukwa.