Kigari cha silinda tatu kinatetemeka: ni tabia au ni ugonjwa?

JoraMoja

Wakuu, salaam. Mimi nashona mapazia, si mtu wa magari, kwa hiyo mnivumilie nikikiita kitu kwa jina lisilo lake.

Nina kigari cha milango mitano, injini cc 1000, silinda tatu, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia). Nilikinunua kikiwa kimetembea kilomita 88,000, leo kinasoma 131,400. Kazi yake ni kunifikisha kwa wateja mimi na majora ya kitambaa, vyuma vya kuning'inizia na ngazi. Nikilaza viti vya nyuma, jora linaanzia kwenye kioo cha nyuma na kuishia karibu na bega langu, na mlango unafungwa. Kwa miaka minne hakijawahi kunilaza njiani.

Miezi miwili hii kimebadilika. Nikisimama kwenye taa nikiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, na kiyoyozi kimewashwa, kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka gari la nyuma yangu naliona mawili. Nikitia N, yaani gia huru, kinatulia, ingawa si kabisa. Kilimani kinalia sana na mwendo hauongezeki. Halafu mafuta: zamani kilinipa kilomita 16 kwa lita. Mwezi huu nimejaza tanki, nikatembea kilomita 372, nikajaza tena zikaingia lita 31. Nimerudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ni 12.

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000. Taa ya injini haiwaki. Inayowaka ni ile ndogo ya buluu ya asubuhi tu, ambayo siku hizi inachelewa kuzima, na juzi ilirudi nikiwa nateremka mlima mrefu. Sikuihangaikia kwa kuwa si nyekundu.

Shemeji yangu anasema silinda tatu zimefika mwisho wake, nikiuze kabla hakijanifia mikononi, nitafute cha cc 1500. Mama mkwe anamuunga mkono, ila yeye sababu yake ni magoti, kiti cha nyuma kinambana. Fundi niliyempelekea alikisikiliza kama dakika moja akasema "vigari hivi ndivyo vilivyo, zoea." Ningezoea kama kingekuwa hivi tangu siku ya kwanza!

Swali langu ndilo hilo: nitajuaje hapa ni tabia ya gari na hapa ni ugonjwa?

Kisigino

Uza, dada. Nilikuwa nacho cha aina hiyo. Kulipita lori mlimani ilikuwa mpaka nizime kiyoyozi, nifunge vioo, na abiria tuache kupumua.

Mzee Spana

Kisigino acha utani, mtu ana kazi.

JoraMoja, jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Tabia ni kitu ulichokikuta. Ugonjwa ni kitu kilichokuja. Fundi aliyekwambia uzoee hakukuuliza kimeanza lini, na hilo ndilo swali la kwanza.

Sasa kuhusu kutetemeka. Injini ya silinda nne inapiga moto kila nusu mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), yaani kila nyuzi 180. Ya silinda tatu inapiga kila nyuzi 240. Pengo kati ya pigo na pigo ni refu zaidi, na injini yenyewe ina kawaida ya kuyumba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama mtumbwi ambao mtu wa mbele na wa nyuma wanakaa na kuinuka kwa zamu. Mtikisiko mdogo gari likiwa limesimama ni haki yake. Kuona gari moja mawili, hapana.

Kwenye vigari hivi injini imelazwa kwa upana wa gari. Mtindo huo ulipata umaarufu kwa ile Mini ya 1959 iliyobuniwa na Alec Issigonis: aliigeuza injini ubavu ili urefu wote unaobaki uwe wa watu na mizigo. Ndiyo maana jora lako linaingia kwenye gari ambalo nje unaona dogo. Lakini injini iliyolala hivyo, kila ukitia gia inataka kuinamia mbele au kulalia nyuma, na kinachoizuia ni maunting zake, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye bodi, hasa ile ya chini. Ndani ni raba. Raba ikichanika, chuma kinagusa chuma na mtikisiko wote unapanda mpaka kwenye kioo chako.

Jipimie. Vuta breki ya mkono, kanyaga na ya mguu kwa nguvu, boneti iwe wazi, mtu asimame pembeni. Pembeni nasema, si mbele ya gari! Tia D, kisha R (ya kurudi nyuma), kisha D, bila kugusa mafuta. Injini ikiinama kidogo kama mtu anayeitikia salamu, sawa. Ikiruka kama inataka kutoka, maunting imekwisha. Hilo la kutulia ukitia N linanielekeza hukohuko, maana kwenye N injini haisukumani na chochote.

Baada ya hapo fungua plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, zote tatu, uziweke kwenye karatasi kwa mpangilio uliozitoa. Ncha ya rangi ya kahawia isiyokolea ni afya. Nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo: plagi, koili (inayoipa plagi umeme) au nozeli (inayonyunyiza mafuta). Kwenye silinda tatu, moja ikilegea umepoteza theluthi ya injini, si robo.

Kelele ya kilimani usiihukumu haraka. CVT haina ngazi za gia, ina mkanda wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Ukikanyaga sana, inapandisha mzunguko wa injini na kuushikilia hapohapo huku mwendo ukifuata polepole. Sikio lililozoea gia za kawaida linadhani gari linateleza. Ila niambie, oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Na ilikuwa ipi? Si ya injini, ya giaboksi. CVT haitaki oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, inataka ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Mtu akikwambia zote ni sawa, chukua funguo zako uondoke.

JoraMoja

Mzee Spana, shikamoo, na asante. Oili ya giaboksi sijawahi kubadilisha, sikujua kama ina yake. Jaribio la D na R nimefanya na kijana wangu wa dukani akitazama kutoka pembeni. Amesema, namnukuu, "mama, injini imepiga magoti." Nadhani hilo ni jibu.

Tairi la Akiba

Naongezea moja ambalo kila mtu analiruka. Upepo.

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye kipimo cha upepo, mbele na nyuma. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata joto kipimo kinapanda kikudanganye. Wengine wanapima kwa kuliangalia tairi au kulipiga teke. Tairi la kisasa likiwa limepungua robo ya upepo wake, kwa macho bado unaliona zima.

Injini yako ni ndogo, haina akiba ya nguvu. Mwenye cc 3000 akibeba kilo 60 za ziada hajui kama amezibeba. Wewe unazijua kila kilima. Hivyo vyuma na ngazi, vinalala humo garini hata siku ambayo huna mteja?

Kitu kingine, baada ya safari pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki yake haiachii vizuri, na unalipa mafuta ya kusukuma gari linalojizuia lenyewe.

JoraMoja

Vinalala humo. Wiki nzima. Naona aibu kusema ngazi ina zaidi ya mwezi haijashuka.

Dereva Mkimya

Samahani wakubwa, huwa nasoma tu humu. Lakini naona wote mmeipita taa ya buluu.

Vigari vingi vidogo havina mshale wa joto. Vina taa mbili tu: buluu maana yake injini bado ni baridi, nyekundu maana yake imechemka. Buluu inatakiwa izime baada ya dakika chache na isirudi mpaka injini ilale ipoe. Yake inachelewa, halafu inarudi akiteremka mlima, wakati ambapo injini haifanyi kazi kubwa na upepo unapiga rejeta. Maana yake maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote bila kizuizi.

Dada, kuna mtu aligusa mfumo wa maji wa hilo gari karibuni?

Mzee Spana

Kijana, nimevua kofia. Nimeandika insha nzima kuhusu plagi na jibu liko kwenye aya ya nne ya JoraMoja.

JoraMoja, anachokisema ni themostati. Ni kidude kama valvu, kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwenye magari mengi kinaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 80 na kitu. Kuna mafundi wakiona gari limechemka wanakitoa kabisa na kukitupa. Wanadhani wameisaidia injini ipoe. Kumbe kompyuta ya gari ikisoma kuwa injini ni baridi, inamwaga mafuta zaidi, kama tulivyokuwa tunavuta choki zamani, ile ya kuongeza mafuta injini ikiwa baridi. Unatembea mchana kutwa na choki imevutwa. Plagi zinajaa masizi, oili inachafuka mapema, na injini inayotakiwa kufanya kazi ikiwa moto inasagika ikiwa vuguvugu.

JoraMoja

Sasa mmenitisha. Miezi mitatu iliyopita rejeta ilivuja, nikaipeleka kuzibwa mahali tofauti na kwa huyu fundi wa "zoea." Nilikiacha asubuhi, nikakichukua jioni. Aliniambia "nimekirekebishia na upoaji, hakitachemka tena." Nilimshukuru! Na nikamwongezea ya soda.

Kisigino

Ya soda inarudishwa hiyo.

Mzee Spana

Weka themostati mpya na gasketi yake, maji ya rejeta yawe yale ya rangi yaliyotajwa kwenye kitabu, si ya bomba, na hewa itolewe vizuri kwenye mfumo. Maunting ya chini ubadilishe sambamba. Plagi usinunue kwa kukisia idadi. Siku moja mtu alinijia na Honda Fit ya kizazi cha kwanza ana plagi nne mkononi, silinda nne. Ile injini yake ya i-DSI ina plagi mbili kila silinda, jumla nane. Alirudi dukani amenuna.

JoraMoja

Narudi na majibu, nimechelewa kwa sababu ya msimu wa harusi.

Themostati haikuwepo. Nafasi yake ilikuwa tupu, safi, kama jino lililong'olewa. Plagi zote tatu nyeusi, kwa hiyo si silinda moja. Maunting ya chini ilikuwa imepasuka upande mmoja, fundi mpya akaitoa akanipa mkononi, raba ilikuwa inachezacheza kama tundu la kifungo lililolegea. Upepo: matairi mawili ya nyuma yalikuwa na 24 wakati kibandiko kinasema 33. Oili ya CVT tumeweka ya kitabu, kopo nimelisoma mwenyewe kabla halijafunguliwa. Ngazi imeshuka.

Jana nimepima tena: kilomita 402, lita 26.3. Inakuja 15.3. Haijarudi 16, na kwenye taa kioo bado kinatikisika kidogo, ila gari la nyuma ni moja. Kilimani bado kinalia. Hiyo nimeiweka kwenye tabia.

Shemeji amekiendesha hadi kwa mteja na kurudi, kimya, halafu akaniuliza kama bado nakiuza.

Mama mkwe sasa anakaa mbele. Majora ndiyo yanayokunja magoti nyuma.

Tairi la Akiba

Na la akiba je, umelipima upepo?

JoraMoja

Subiri.

Lina 11.